Kahama ina dhahabu, gitaa liko wapi?

Mtu wa miaka arobaini na kitu akinunua pikipiki hapa Nyahanga, majirani humpa hongera. Akinunua gitaa, humuuliza mkewe chemba kama nyumbani mambo ni shwari. Pikipiki inaeleweka: jioni dereva analeta hesabu. Gitaa litaleta nini? Na kama ni la mtoto, mbona baba ndiye kalipakata? Hapo ndipo hutolewa ile methali ya samaki kukunjwa angali mbichi, na kwa kawaida anayeitoa hajawahi kugusa hata uzi mmoja.

Methali hiyo siipingi kwa kila jambo. Kwenye sarakasi, sawa. Kwenye gitaa naipinga, tena kwa ushahidi, maana katika ukanda wetu huu gitaa halikuingia kwa mlango wa watoto. Lilikuja na watu wazima waliotoka kazini, wenye mshahara mfukoni, na baadhi ya upigaji bora kabisa tulio nao ulikomaa kwenye miji ya migodi. Kahama nayo ni mji wa migodi. Kwa haki, mtu mzima mwenye gitaa angekuwa kitu cha kawaida hapa kama alivyo fundi wa makarasha ya kusaga mawe.

Tazama Katanga, kusini mashariki mwa Kongo. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji watu wa kuchimba na kuyeyusha shaba, ikawakusanya kutoka Kasai, Rodesia ya Kaskazini na Ruanda-Urundi. Mwanzoni waliletwa kwa mikataba mifupi na kurudishwa makwao. Miaka ya 1920 ilipokuwa inaisha kampuni ikabadili mwendo: ikawajengea kambi za kudumu, wao na familia zao. Watu wa lugha nyingi wakawa majirani wa ukuta mmoja, Kiswahili kikawa lugha ya uani na sokoni, na fedha taslimu zikawa zinaingia mkononi kwa tarehe inayojulikana. Gitaa likanunuliwa dukani kama ilivyonunuliwa baiskeli na cherehani. Shule ya gitaa haikuwapo. Aliyejua kidogo alipigia barazani, asiyejua akaketi karibu akitazama vidole, kisha akaomba naye ashike.

Huko ndiko alikotokea Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa mwaka 1930, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, mji unaoitwa Likasi leo. Wimbo wake "Masanga" ulifika mbali kuliko alivyofika mwenyewe wakati huo. Losta Abelo na Edouard Masengo waliimba kwa Kiswahili ambacho msikilizaji wa Tabora au Mombasa aliweza kukifuata bila mkalimani. Na kitu cha kuangalia ni mkono wa kulia: vidole viwili tu. Gumba linashika besi kwenye nyuzi nene, kidole cha shahada kinatembea na wimbo kwenye nyuzi nyembamba, na anayesikiliza upande wa pili wa ukuta anadhani wapigaji ni wawili.

Afrika Kusini nako mambo yalikwenda hivyohivyo. Wanaume wa Kizulu waliokwenda kutafuta kazi Durban na Johannesburg walinunua magitaa, wakarudi nayo makwao, na muziki wa maskanda ukazaliwa humo katikati, baina ya kijijini na kazini. John Bhengu, aliyejulikana zaidi kama Phuzushukela, ni mkubwa wao mmoja. Magitaa ya bei nafuu ya Gallotone yaliyotengenezwa huko, ambayo wazee wetu waliyajua kwa jina la galatoni, yalisambaa hadi huku kwetu. Moja lilivuka bahari likaangukia mikononi mwa kijana wa Liverpool aitwaye John Lennon. Ndilo alilokuwa nalo siku ile ya mwaka 1957 alipokutana na Paul McCartney. Kwa hiyo mwenye kudharau gitaa la bei rahisi ana mengi ya kujibu.

Na kwetu? Dar es Salaam Jazz ilianza mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944. Tabora, jirani yetu wa kusini, mji wa njia panda ya reli, ilikuwa na Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi chenyewe kikaunda bendi, NUTA Jazz, ambayo kwa kubadili majina imefika hadi kuwa Msondo Ngoma. Yaani palikuwa na wakati ambapo umoja wa wafanyakazi nchini uliona gitaa ni jambo linalowahusu.

Sasa rudi Kahama. Bulyanhulu ilianza kutoa dhahabu mwaka 2001, Buzwagi ikafanya kazi kuanzia mwaka 2009 hadi 2021. Kaskazini yetu Geita ina mgodi wake mkubwa tangu mwaka 2000, na mwezi Machi mwaka 2019 ikafunguliwa soko la madini. Wachimbaji wadogo wametapakaa katikati ya hiyo yote. Kwenye mtaa mmoja utamkuta Msukuma, Mnyamwezi, Msumbwa, Muha, Mkurya na Mhaya, wote wakigombana na kupatana kwa Kiswahili. Malori kutoka bandari kavu ya Isaka yanapita kuelekea Rwanda, Burundi na Kongo. Kila kilichokuwapo Likasi kipo: shaba yao, dhahabu yetu, mchanganyiko wa watu, lugha moja, fedha. Lakini pita Nyahanga jioni utasikia spika, tena kubwa, na gitaa utalisikia ndani ya spika hizo tu.

Wengine watasema ni zama. Kijana wa leo akitaka muziki anaingia studio, fundi anampangia mdundo kwenye kompyuta, kazi imekwisha. Sina ugomvi na hilo. Nyimbo nyingi za asili za Kisukuma zinazopigwa kwenye harusi zetu zinatoka kwa njia hiyo, na zinachezeka. Wengine watasema machimbo ya sasa hayatulizi mtu. Ikitokea rashi sehemu, watu wanahama usiku mmoja na godoro mgongoni, na gitaa ni kitu cha kwanza kuachwa. Kweli pia. Hata hivyo mwenye baa, fundi wa pikipiki, mwalimu wa msingi, mama wa duka la pembejeo, hawa hawahami na rashi. Wanakaa. Wana redio, wana masikio yaliyojaa nyimbo za miaka thelathini. Wangapi kati yao wana gitaa chini ya kitanda, limenunuliwa kwa hamu mwaka juzi, sasa limevikwa vumbi?

Nawajua kadhaa, na mimi mwenyewe nilianza nikiwa na watoto wa sekondari. Kinachowaangusha sicho wanachokidhani.

Wanadhani ni vidole. Jirani yangu mmoja, anayeendesha karasha, aliponiona napuliza ncha za vidole alinicheka: "Baba, hiyo mikono ya ofisini. Lete hapa." Akabana nyuzi kwa nguvu ya mtu aliyezoea kubeba mawe, na baada ya dakika chache akarudisha gitaa kimya kimya. Sugu zake ziko kwenye kiganja na kwenye mashina ya vidole, pale sululu inaposugua. Gitaa linataka sugu kwenye ncha za vidole vinne vya mkono wa kushoto, mahali ambapo hakuna kazi nyingine inayoziotesha. Mbele ya uzi wa chuma, mchimbaji na karani ni sawasawa. Maumivu hayo lakini ni ya muda. Kwa anayeshika gitaa kidogo kila siku, wiki chache zinatosha ngozi kukomaa. Anayelishika Jumapili kwa saa tatu mfululizo ataumia kila Jumapili hadi achoke.

Na mara nyingi kosa ni la gitaa. Mengi ya bei ya chini huja na nyuzi zilizokaa juu mno kutoka kwenye shingo, hata kuzibana inakuwa adhabu. Fundi seremala mwenye subira anaweza kuteremsha kile kipande cha mfupa au plastiki kinachobeba nyuzi kwenye daraja, na tofauti utaisikia siku hiyohiyo. Ukishindwa kumpata, legeza nyuzi zote sita kwa kipimo kilekile, nusu sauti au sauti nzima. Unapiga peke yako, nani atakudai? Jambo jingine, usiliegemeze kwenye ukuta wa mabati mchana wa Septemba. Jua letu halina huruma na gundi, na daraja likianza kubanduka hakuna kodi itakayolia sawa. (Kodi za gitaa, nazungumzia. Zile za TRA hulia zenyewe.)

Wengine wanadhani ni akili, kwamba ubongo wa mtu mzima umeshakauka. Mwanasaikolojia wa New York, Gary Marcus, alilijaribu jambo hili kwa mwili wake mwenyewe: alianza gitaa alipokuwa anaikaribia miaka arobaini, akiwa mtu asiye na kipaji cha muziki kwa maelezo yake, na mwaka 2012 alitoa kitabu juu ya safari hiyo. Hakuwa nyota. Alikuwa mtu anayepiga, jambo ambalo mwanzoni aliliona haliwezekani. Mtu mzima ana vidole vizito zaidi ya mtoto, na saa zake ni chache. Ila anajua wimbo unakwenda wapi kabla haujafika. Anajua kiitikio kinapokaribia, anajua pale bendi inapotoka kwenye kuimba na kuingia chemko. Mtoto wa miaka tisa hajui Sikinde ya Mlimani Park ni nini.

Nionavyo, kinachowaangusha ni chumba. Mtu mzima wa Nyahanga anajifunza amejifungia, na simu. Anafunga mlango kwa sababu anaitwa baba fulani, anaamkiwa shikamoo na nusu ya mtaa, na haiwezekani mtu wa kuamkiwa shikamoo asikike akikosea sauti tatu zilezile kwa nusu saa. Wa Likasi alikosea barazani mbele ya wenzake waliokuwa wanakosea vilevile, na mmoja akimzidi hatua moja tu, hiyo hatua moja ndiyo iliyokuwa shule. Simu haimzidi hatua moja. Inamzidi hatua elfu, kwa Kiingereza, na haijui kwamba kidole chake cha kati kimelala vibaya.

Tena simu inamfundisha muziki ambao hakuja kuutafuta. Masomo mengi ya kwanza ya mtandaoni yanakupa kodi tatu na mkono wa kulia wa kukung'uta nyuzi zote juu chini, chini juu, chini ya wimbo wa Kimarekani usioujua. Mtu aliyelelewa na Mlimani Park na Msondo anapiga hivyo kwa mwezi mzima na moyoni anajisikia yuko ugenini. Halafu anajilaumu kwamba hana kipaji! Muziki wa dansi haukujengwa kwa mtu mmoja kukung'uta. Umejengwa kwa magitaa yanayogawana kazi: solo juu, solo ya pili ikiijibu, ridhimu ikisuka chini yao, besi ikibeba nyumba. Kila moja peke yake ni jambo dogo. Ridhimu ya nyimbo nyingi za dansi ni msuko wa noti chache unaorudiwa kwa dakika kadhaa bila kuchoka na bila kukimbia.

Hapo ndipo ningemweka mtu mzima anayeanza. Kila mtu anataka solo, kwa kuwa solo ndiyo Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, na hakuna aliyewahi kuota kuwa mpiga ridhimu. Lakini solo inadai wepesi wa vidole, ambao kijana anao na wewe huna. Ridhimu inadai uvumilivu na kutopotea kwenye mwendo, na mtu aliyelipa ada za shule kwa miaka kumi mfululizo anavyo hivyo viwili. Chukua msuko mmoja wa wimbo unaoupenda, upunguze mwendo hadi nusu, ushike mpaka uweze kuongea na mtu huku vidole vinaendelea. Ukiweza hivyo, umekuwa mwanamuziki, hata kama wimbo unaoujua ni huo mmoja.

Ambaye hana mwenzake wa kumpigia solo, basi ashike vidole viwili vya Katanga. Ni mtindo uliotengenezwa na watu waliokuwa wanapiga peke yao baada ya kazi, na hausomeki vizuri kwenye karatasi, unataka kutazamwa. Mwingereza mmoja, John Low, tayari mpiga gitaa, aliona hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alifunga safari hadi Lubumbashi kuketi mbele ya Bosco na Losta Abelo kama mwanafunzi, na kumbukumbu zake zikachapishwa mwaka 1982. Kutoka Uingereza hadi Katanga, kwa ajili ya vidole viwili. Sisi hapa Kahama malori ya kwenda Kongo yanatupita kila siku.

Kanisa hapa limefanya zaidi ya wote, na lazima nilipe heshima yake. Wapigaji wengi wa gitaa ninaowafahamu katika ukanda huu walitokea kwaya, hasa AICT na makanisa ya Kipentekoste. Upande wa Wakatoliki kinanda ndicho kilichotawala. Shida ni kwamba gitaa la kwaya ni la kwaya. Linafungiwa stoo, linatoka siku ya mazoezi, na likitoka linapewa kijana mwenye mbio kwa sababu Jumapili iko karibu na wimbo lazima uwe tayari. Mzee wa kanisa akiomba kujifunza ataambiwa kwa adabu aendelee kuimba besi. Mwanamke akiomba, mara nyingi hata hiyo adabu haipo, ingawa Dar es Salaam ya miaka ya 1960 ilikuwa na Women Jazz Band, wanawake wenyewe wakiwa kwenye magitaa.

Nchi hii si ngeni kwa mtu mzima kukaa dawatini. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na bibi zetu wakashika penseli chini ya miembe bila kuona haya, kwa kuwa walikuwa wengi na kila mmoja alikuwa hajui. Mwaka 1975 vikaanza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa mfano uliotoka Sweden. Vikafundisha useremala, ushonaji, kilimo, na vimefanya kazi kubwa. Lakini huko Sweden vyuo vya namna hiyo vinafundisha pia muziki, hadi leo, na watu wazima wanakwenda. Sisi tulipoleta mfano ule, gitaa tuliliacha uwanja wa ndege.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa Manispaa ya Kahama. Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, kampuni zenye leseni zinatakiwa kila mwaka kuandaa mpango wa kuchangia jamii na kukubaliana na halmashauri. Madarasa, zahanati, visima: yaendelee, hakuna mwenye akili atakayepinga. Ninachoomba ni kitu kidogo kiasi cha kupotea kwenye mahesabu hayo. Darasa moja la shule ya msingi, lililo tupu jioni. Magitaa makavu kumi, nyuzi za akiba, fundi wa kuyarekebisha. Jioni mbili kwa wiki, kwa wenye umri wa kuanzia miaka thelathini, wanawake na wanaume, na kijana asiruhusiwe hata kuchungulia dirishani, maana atacheka.

Nitaulizwa nani atafundisha. Walimu wapo. Wapiga gitaa wa kwaya zetu wanafundisha wenzao bure kila wiki, na wengi hawajawahi kulipwa hata nauli kwa ujuzi huo. Tabora nako bado kuna wazee waliopanda majukwaani na bendi nilizozitaja, na basi la kutoka huko hadi hapa ni la siku moja. Walipwe posho ileile anayolipwa mwezeshaji wa semina ya siku mbili hotelini, ambaye huja na projekta, hutugawia kalamu, na kuondoka kabla ya chai ya saa kumi.